Kofia ya Kibuyu

Nyumbani kwetu, nje kidogo ya mji wa Bariadi, kuna kibuyu kinachovaa kofia. Mgeni akiingia mara ya kwanza hukitazama kibuyu, kisha hunitazama mimi, kwa sababu katika ukoo wetu jambo lisiloeleweka huwa limeanzia kwangu. Safari hii hakosei. Kofia niliifuma mimi, likizo ya katikati ya mwaka jana, na isingekuwa mdomo wangu kibuyu kisingejua hata kofia ni kitu gani.

Kufuma nilifundishwa shuleni na mwalimu wa sayansi kimu, mama mpole aliyeamini kwamba sindano zinatuliza akili ya msichana. Akili yangu ilikataa kutulia, ila mikono ilipenda. Sindano zangu ni spoku za baiskeli. Fundi wa baiskeli pale njia panda alinipa zilizopinda, nikazinyoosha kwa nyundo, nikazichonga ncha kwenye jiwe analonolea Bibi visu. Bibi alipoona jiwe limechimbika mfereji katikati aliuliza ni mnyama gani amelilamba.

Tatizo langu lilikuwa kumaliza. Nilianza skafu, ikaendelea kupanuka hadi ikafanana na ramani ya mkoa. Nilianza soksi ya baba, ikafika kisiginoni ikakataa kukata kona. Kitambaa cha kufunikia redio kilitoka na pembe tano, nikamvika mbuzi. Mama akawa anasema mbele za watu, "Huyu wangu akifuma, wanaovaa ni mbuzi." Mama ni mtu wa rozari, hasemi uongo.

Kofia ya mtoto ilikuja kwa sababu ya dada.

Dada ameolewa Mwandoya. Mwaka mmoja kabla ya hiyo likizo alijifungua hukohuko, na mtoto hakukaa. Shemeji ni mtu wa pamba, mmoja wa hawa wanunuzi wapya wanaozunguka vijijini na mizani yao wenyewe tangu biashara ilipofunguliwa, na kwa furaha yake alikuwa amenunua kila kitu mapema: beseni la rangi ya waridi, shali, poda, vinguo vya kila aina, vimekaa sandukuni vinamsubiri mwenyewe. Baada ya msiba watu wakasema waliyoyasema. Kwamba sanduku ndilo lililomponza. Kwamba mtoto hatandikiwi kabla hajafika, maana ukishamtandikia, wasiomtakia mema wanajua pa kumvizia. Dada hakubishana na mtu. Aligawa kila kilichokuwemo, mwisho akagawa na sanduku lenyewe.

Mimba ilipokuja tena akaletwa kwetu, ajifungulie mikononi mwa mama na Bibi. Aliteremka kwenye pikapu ya shemeji na mfuko mmoja wenye nguo zake tu, hata kitambaa cha kumfutia mtoto hakikuwemo. Hilo halikunishtua, wengi huku hawaandai. Kilichonishtua ni kwamba hakutaka hata kulitaja neno. Alisema "hii hali." Hii hali imeniamsha mapema. Hii hali haitaki maharage. Tumbo lilikuwa linaingia mlangoni kabla yake, na yeye analizungumzia kama mtu mwenye malaria.

Na huyu ndiye dada aliyenifundisha utani! Ndiye aliyekuwa ananifinya kanisani nicheke wakati wa mahubiri, halafu yeye anabaki na uso wa malaika. Sasa nikimtania anatabasamu kwa adabu, kama anavyotabasamu mtu kwa mgeni. Mama alijibu kwa rozari. Bibi akajibu kwa dawa zake za kuoga, ambazo mama alijifanya hazioni. Mimi sikuwa na rozari ya kutosha wala dawa, nikaona nitajibu kwa spoku.

Nilitaka kuwe na kitu kimoja tu ndani ya nyumba kinachosema huyu mtoto anakuja. Kidogo. Hata cha kuficha.

Sufu mpya ilikuwa inauzwa mjini, lakini haikuwa ya watu kama mimi. Mimi ni mtu wa mnadani. Mama husimulia kwamba miaka ile ya foleni walikuwa wanaunga mstari kwanza, ndipo wanauliza mbele kunauzwa nini. Siku hizi upande mmoja wa mnada ni ng'ombe, upande wa pili ni marobota ya mitumba, na tunakanyaga masweta ya Wazungu kama majani makavu. Watu wanatafuta sweta la kuvaa. Mimi nilikuwa natafuta la kufumua.

Kuna siri yake. Unaligeuza sweta ndani nje, unatazama mshono wa ubavuni. Likiwa limekatwa kwa mkasi likashonwa kwa cherehani, achana nalo, utapata vipande vipande kama nywele za kinyozi. Likiwa limefumwa hadi ukingoni, ukipata ncha moja unavuta mpaka mwenye sweta aishe. Nikawa nageuza moja baada ya jingine, napekua mbavu. Muuzaji, kijana mmoja aliyejipa lafudhi ya Dar es Salaam bila kuvuka Shinyanga, akachoka.

"Sista, unanunua sweta au unalipasua?"

"Naliangalia utumbo."

"Hilo lilikuwa la mtu mnene wa Ulaya. Utaingia humo wewe na ndama wako wawili."

"Ndiye ninayemtaka. Mnene ana uzi mwingi."

Akacheka, akawaita wenzake. "Njooni mwone, kuna mtu hapa anachuna Wazungu!"

Niliondoka na sweta la kijani. Kifuani lilikuwa na mnyama mweupe kama swala, pembe zake zimeota matawi kama mgunga. Njia nzima watu walinisalimia kisha wakamsalimia na swala.

Kufumua peke yako ni kazi ngumu, lazima mmoja avute na mwingine azungushe. Nikamkuta dada amekaa kwenye mkeka barazani, miguu imevimba, anatazama pamba iliyoanikwa uani kama anailinda isikimbie. Nikamwambia anyooshe mikono. Akanyoosha bila kuuliza, nikawa navuta, uzi unamzunguka viganja. Ukitoka kwenye sweta la zamani uzi unakuja umejikunjakunja, kama nywele zilizofumuliwa asubuhi hiyohiyo baada ya kukaa na mabutu wiki nzima. Sweta hufumuliwa kuanzia juu, basi swala akaanza kupotea pembe, yakafuata masikio, kikafuata kichwa.

Dada alikuwa anamtazama. "Maskini," akasema, "amebaki miguu tu."

"Ni supu hiyo."

Akacheka. Kicheko kidogo, cha puani, lakini kilikuwa chake kile cha zamani. Nikaendelea kuvuta kwa uangalifu, kana kwamba nacho kingekatika.

"Unataka kufuma nini safari hii?"

"Bado hakijaniambia."

Dada si mjinga, na uzi wa kijani laini kiasi kile haufumiwi begi. "Mdogo wangu," akasema polepole, "usifanye."

"Kwani nimesema ni cha nani?"

Akatazama pamba tena. Nilidhani ataushusha uzi mikononi. Hakuushusha. "Basi usiniambie," akasema. "Wewe fuma tu, ila usiniambie."

Nikaufua uzi kwa sabuni, nikauning'iniza kwenye kamba na jiwe chini yake ili mikunjo ifunguke. Baba alipita akatazama lile jiwe linavyobembea, akaamua kutouliza. Baba anaujua umri wangu.

Kofia ndogo hufumwa kwa duara. Sindano tatu zinashika mishono, ya nne inazunguka inafuma, na ukijisahau moja inachomoka unabaki umeshika vijiti vya mshikaki. Unaanza na ukingo, mishono miwili ya mbele, miwili ya nyuma, ili uvutike kama mbavu na ukamate kichwa. Baada ya hapo unakwenda mviringo bila kufikiri, hadi utakapoanza kupunguza mishono kuelekea utosini. Nilifuma baada ya kutoka shambani kuchuma pamba, na maganda ya pamba yalikuwa yamenikwaruza vidole hadi kila kidole kinakamata uzi. Ikabidi niwe naiba samli ya Bibi kidogo najipaka. Kumbukeni hiyo samli.

Kilichonisumbua ni kipimo. Kichwa cha mtu ambaye hajafika unakipimaje? Nilijaribu chungwa, likawa dogo. Nilijaribu mpira wa matambara wa watoto wa jirani, ukanifukuza kwa harufu. Ndipo nikakumbuka maneno ya Bibi.

Mimi na Bibi tunaitana mke mwenza, kama ilivyo desturi, na ugomvi wetu ni wa wake wenza wa kweli: nani alipendwa zaidi na marehemu mume wetu, yaani babu. Bibi ana kibuyu kidogo cha samli, kinaning'inia kwenye kamba ndani kwake, chini mviringo kabisa na shingo fupi. Tangu nikiwa mdogo ananiambia, "Mke mwenza, siku unazaliwa kichwa chako kililingana na kile kibuyu. Tofauti ni moja. Kibuyu kina kitu ndani."

Basi kipimo kikapatikana. Kila Bibi akitoka kwenda kugeuza pamba juani, mimi naingia kwake, nakivika kibuyu kazi yangu, nasoma imebaki wapi. Kwa kuwa shingo iko juu, kibuyu kilikuwa kinaivaa chini, kwenye makalio. Nikajiambia mtoto hatajua.

Na nikamaliza. Nasema tena kwa ajili ya mama: nikamaliza. Siku hiyo mchana nilikaza ule uzi wa mwisho utosini, nikauficha ncha kwa ndani, nikakimbilia kwa Bibi kukivika kibuyu mara ya mwisho. Ikakaa. Haikubana, haikulegea, kijani kitupu na mstari mmoja mweupe uliotoka kwenye mguu wa swala. Dada alikuwa ananipita mlangoni akasimama. Aliitazama muda mrefu. Halafu akaingia, akanyoosha kidole kimoja, akagusa ule mstari mweupe. Mkono wake wa pili ukaenda tumboni wenyewe.

"Imekuwa," akasema.

Nilikuwa nafungua mdomo kusema kitu cha maana, jambo ambalo hunitokea mara chache, jirani yetu akaingia. Huyu mama ana duka dogo, huja kununua samli kwa Bibi, na mdomo wake ni redio isiyohitaji betri. Nyuma yake akaingia Bibi na chombo cha kupimia.

"Mwadila humu ndani! Eeh!" akatusalimia kwa Kisukuma. Macho yake yalitua moja kwa moja kwenye kibuyu. "Kofia ya mtoto! Kumbe mmeshaanza kumwandalia?"

Ilikuwa wazi kwamba kabla jua halijaegemea maneno hayo yatakuwa sokoni, na kabla ya kesho yatakuwa Mwandoya kwa wakwe. Nilimwona dada akirudisha kidole chake kama aliyegusa jiko.

"Ni ya kibuyu," nikasema.

"Ya nini?"

"Kibuyu. Hiki hapa. Kinasikia baridi."

Jirani akanitazama, akamtazama Bibi. Nami nikishaanza siwezi kusimama. "Mama, si unaona mwezi huu samli inavyoganda asubuhi? Unakipiga kibuyu kama ngoma na haitoki kitu. Shuleni tumefundishwa, sufu inatunza joto. Hii ni sayansi kimu."

Bibi hakupepesa jicho. "Nilimwagiza mimi," akasema. "Nimechoka kuchokonoa kwa kijiti."

Jirani akapimiwa samli yake, akaondoka huku akigeuka geuka nyuma. Baadaye tulisikia amekwenda kutangaza kwamba elimu ya sekondari inaharibu watoto, wanavalisha vibuyu nguo. Habari ya mtoto haikutoka hata moja. Nikajiona shujaa.

Nikanyoosha mkono niivue kofia nikaifiche. Bibi akanipiga kofi mkononi.

"Unafanya nini?"

"Naivua, Bibi."

"Ya nani hiyo?"

"Si unajua..."

"Mimi najua nilichosikia. Umesema mbele ya mtu ni ya kibuyu. Mtu akishapewa kitu hanyang'anywi. Iache."

"Bibi, kibuyu si mtu!"

"Kilikuwa mtu ulipokuwa unakitumia kudanganyia. Sasa kimekuwa kibuyu tena?"

Nikamtazama dada anisaidie. Dada alikuwa ameshatoka nje.

Nilichukia siku ile, siwezi kuficha. Kazi ya kwanza kumaliza maishani mwangu, imevaliwa na samli. Na kibaya zaidi nilikuwa nimemwonyesha dada kitu, kisha nimemwambia kwa mdomo wangu mwenyewe kwamba si chake. Nilifikiria kufuma nyingine, lakini kofia ya pili ingetaka uongo wa pili. Nikawa napita mbele ya kibuyu nakitukana chini chini. Mwizi wewe. Makalio bila miguu.

Asubuhi ya pili nikasikia sauti ndani kwa Bibi. Nikachungulia. Alikuwa dada, amesimama mbele ya kibuyu, mkono mmoja kiunoni kama wanavyosimama wajawazito.

"Mwangaluka," alikuwa anakisalimia. "Umeamkaje? Hukusikia baridi?"

Nikajirudisha nyuma taratibu kama mtu aliyeona ndege adimu.

Ikawa desturi. Kila asubuhi anakwenda kukijulia hali. Kibuyu kimelalaje, kibuyu kimependeza, kibuyu kimenenepa siku hizi, kinakula nini? Wakati wa kula anasema, "Mpelekeeni na yule wa ndani." Siku moja alisema kibuyu kina pua ya baba yake, na sote tuliokuwepo tukatazama chini kwenye sahani, maana kibuyu hakina pua. Mama akataka kusema neno, Bibi akamkanyaga mguu. Hapo ndipo nilipoanza kumshuku Bibi. Lakini nikimwuliza ananijibu, "Samli yangu haigandi tena, mke mwenza. Wabeja, asante." Na uso wake umekauka kama ukuta.

Dada alikuwa anamsema mtoto kila siku bila kumtaja. Hakuna aliyeweza kumvizia mtoto huyo, kwa sababu kila aliyesikiliza alisikia habari za kibuyu.

Siku ilipofika ilikuwa asubuhi nyeupe. Mama na baba walimpeleka dada hospitali kwa pikapu ya shemeji, aliyekuwa amekuja kufuatilia pamba yake akajikuta anafuatilia mengine. Mimi na Bibi tulibaki. Kwa mara ya kwanza katika historia yetu hatukutaniana. Bibi alichambua pamba iliyokwisha kuchambuliwa. Mimi nilishika spoku zangu bila uzi, nikawa nazigonganisha, mpaka akaniambia nimwondolee kelele za baiskeli.

Jua lilipopanda vizuri, pikapu ikaingia uani. Akateremka baba peke yake, shemeji akabaki kwenye usukani. Baba akiwa na habari kubwa huomba maji kwanza. Akaomba maji. Akanywa. Akapangusa mdomo. Nilitamani kukirukia hicho kikombe.

"Amejifungua," akasema. "Wa kiume. Wote wazima. Analia kama mnadi wa ng'ombe."

Bibi akapiga vigelegele hadi kuku wakatawanyika.

"Ila nesi anauliza nguo," baba akaendelea. "Amefungwa kwenye kanga ya mama yenu. Kichwa kiko wazi, na wodi ile ina upepo."

Bibi alishatoa kanga zake laini za zamani. Mimi nikawa nimeshafika kwenye kibuyu. Nyuma yangu nikasikia, "Weee! Simama hapo."

"Bibi, mtoto ana baridi!"

"Kwa hiyo unaiba? Kaombe kwa mwenyewe. Piga magoti."

Nilidhani ni utani. Nikamtazama, haukuwa utani, au kama ulikuwa, ulikuwa ule wa wakubwa ambao hauna mlango wa kutokea. Nikapiga magoti mbele ya kibuyu, jinsi msichana wa Kisukuma anavyowapigia wakubwa. Baba alisimama mlangoni na kikombe chake.

"Nyie mnafanya nini?"

"Wanaume wanyamaze," Bibi akasema. "Hapa kuna posa."

Nikakisalimia. "Mwadila."

Kibuyu kikanyamaza. Bibi akakijibia, kwa sauti nzito ya mzee mwenye ng'ombe wengi. "Mwadila, mayu. Umefuata nini kwangu?"

"Nimefuata kofia."

"Kofia yangu? Mlinipa wenyewe, mbele ya shahidi. Mnanivua leo mbele ya watu?"

Nikafikiri. Nimekaa shuleni miaka yote hiyo nikijibu walimu maswali kwa mzaha, na hili ndilo swali la kwanza nililoogopa kulikosea. Nikisema naichukua, nimekuwa mwizi. Nikisema ilikuwa ya mtoto tangu mwanzo, basi mtoto aliandaliwa, na dada atakaa na hofu hiyo kila mtoto akipiga chafya. Nikaona njia moja tu.

"Naomba kuazima," nikasema. "Kuna mgeni amefika hana kitu. Hatukumwandalia chochote. Tunakuomba umwazime, akikua atakurudishia."

Bibi aliponijibu alisahau kubadilisha sauti, akatumia yake mwenyewe.

"Sasa umesema," akasema. "Mpelekee."

Nilipanda nyuma ya pikapu na kofia kifuani. Wodini dada alikuwa amelala kiubavu, amechoka, na pembeni yake kuna kifurushi cha kanga chenye uso mwekundu wenye hasira. Mama alikuwa anasali upande wa pili wa kitanda. Nikatoa kofia. Dada aliiona, macho yakamtoka.

"Umeiba kwa Bibi?"

"Nimeazima. Nimepiga magoti mbele ya kibuyu, baba ni shahidi."

"Umepiga magoti mbele ya kibuyu."

"Na kikanijibu."

Hapo akaanza kucheka. Kicheko chenyewe, cha kanisani, kile cha kujifinya, na kila akicheka anasema "aah, tumbo langu, nyamaza mshenzi wewe," na wanawake wa vitanda vingine nao wakaanza kucheka bila kujua wanacheka nini. Akaichukua, akamvisha taratibu. Ilikuwa kubwa kidogo, ikamfunika nyusi. Chumba kizima kikanukia samli. Mtoto akanyamaza, akanusa, akatafuta ziwa.

"Hebu mwone," dada akasema. Akaurudisha ukingo nyuma kidogo ili tuuone uso. "Hebu mwoneni mwanangu."

Mama akasimama katikati ya rozari, alisahau yuko punje gani. Mimi nilikuwa nimeandaa mzaha kuhusu makalio ya kibuyu. Nikaumeza.

Sasa niko kidato cha tatu, na wiki iliyopita shemeji alipita na gari la pamba. Akateremsha kofia, imefuliwa, imenyooka. Mtoto ana meno na kichwa hakiingii tena. Nikairudisha kwa mwenyewe kama tulivyoahidiana, na kibuyu kikaipokea bila neno. Shemeji alikuwa na ujumbe wa mdomo kutoka kwa dada. Alisema nifume nyingine, kubwa zaidi, nizidishe kipimo ili imfae na mwaka kesho na ule mwingine.

"Akasema nikuambie hivi," shemeji aliongeza. "Safari hii mtu akikuuliza, usiseme ya kibuyu. Sema ni ya mwanangu."

Tayari nina sweta jekundu la mtu mwingine mnene. Limebaki suala la kipimo. Bibi amenionyesha kibuyu kikubwa cha kusukia maziwa, kile ambacho watu wawili hukinyanyua pamoja.

"Pimia hicho," akasema.

"Bibi, kwani huyo mtoto anakuwa mbunge?"

"Wewe fuma," akanijibu mke mwenza. "Kichwa kitakuja."